Gobore

Gobore (pia: gobori, wingi: magobore) ni bunduki ya kushindilia, yaani bunduki ambayo baruti na risasi hutiwa kupitia mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa ufito mrefu unaoitwa mdeki. Hutofautiana na bunduki za kisasa, ambazo hupakiwa kwa nyuma kwa risasi zilizokwisha kufungwa pamoja na baruti ndani ya ganda.

Kabla ya viwanda vikubwa kuenea, bunduki nyingi za uwindaji zilitengenezwa moja moja, na fundi aliweza kuipimia bunduki mwili wa mtu atakayeitumia kama fundi cherehani anavyopima nguo. Katika Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kinyume: magobore mengi yaliyoingia yalikuwa silaha kuukuu za majeshi ya Ulaya, zenye kipimo kimoja kwa watu wote. Makala hii inaeleza sehemu za gobore, historia yake hasa katika nchi ya Karagwe (leo wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, Tanzania), namna gobore linavyopimwa lilingane na mtumiaji wake, hatari zake na hali yake kisheria.

## Aina

Magobore hugawanywa kufuatana na namna baruti inavyowashwa:

* Bunduki ya mrao: baruti huwashwa kwa utambi unaowaka. Ni aina ya zamani zaidi, na ilifika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na Wareno na Waturuki katika karne ya 16.
* Bunduki ya gumegume: kipande cha jiwe gumu hugonga bamba la chuma na kutoa cheche. Ilitumika sana katika karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 19.
* Bunduki ya fataki: nyundo ndogo hugonga kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka. Ilienea kuanzia miaka ya 1820 na haisumbuliwi sana na mvua kama ile ya gumegume.

Mtutu wa gobore unaweza kuwa laini kwa ndani au kuwa na mifuo, yaani mifereji inayozunguka kama uzi wa parafujo. Mifuo huizungusha risasi ikitoka, na risasi inayozunguka haiyumbi hewani. Mtutu laini hautupi risasi moja kwa uhakika mbali sana, lakini unaweza kutumia pia marisau, yaani chembe ndogo nyingi za madini ya risasi.

## Sehemu

Gobore lina sehemu tatu kuu: mtutu, mtambo na ubao.

Mtutu ni bomba la chuma lililozibwa kwa nyuma. Karibu na mwisho uliozibwa kuna tundu dogo linalopitisha moto hadi kwenye baruti. Mtambo ni mashine ndogo ya springi inayokaa ubavuni. Mtumiaji akivuta kifyatulio, springi huachia nyundo. Ubao hushika mtutu na mtambo, na sehemu yake ya nyuma, inayoegemezwa begani, huitwa kitako. Mdeki huchomekwa chini ya mtutu.

Mfano unaojulikana ni gobore la jeshi la Uingereza lililopewa jina la utani *Brown Bess*. Umbo lake lililotumika wakati wa vita dhidi ya Napoleon lilikuwa na mtutu laini wa takriban sentimita 99, tundu la mtutu lenye kipenyo cha takriban milimita 19, na uzito wa zaidi ya kilogramu 4.

## Historia katika Karagwe

### Chuma kabla ya bunduki

Eneo la Kagera lina historia ndefu ya uhunzi. Uchunguzi wa mwanaakiolojia Peter Schmidt, ulioanza kuchapishwa katika miaka ya 1970, ulionyesha kwamba watu wa magharibi mwa Ziwa Viktoria waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita; Katuruka karibu na Bukoba ni mojawapo ya mahali palipochimbuliwa.

Katika ufalme wa Karagwe chuma kilihusishwa na ufalme wenyewe. Mfalme (Omukama) Ndagara anakumbukwa kwa ufundi wa uhunzi, na vyombo vya heshima vya ikulu ya Bweranyange vilikuwa pamoja na fuawe, mikuki na sanamu za ng'ombe za chuma. Kwa hiyo bunduki zilipoingia, zilifika katika nchi iliyokwisha kujua kufua chuma na kukiheshimu.

### Bunduki zinaingia

Wafanyabiashara kutoka Zanzibar na Tabora walipita Karagwe kuelekea Buganda kuanzia miaka ya 1840. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika Buganda mwaka 1844, na baadaye akakaa Kafuro, kituo cha biashara karibu na Bweranyange. Mwingine, Musa Mzuri, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyekaa Tabora, alimsaidia Rumanyika, mwana wa Ndagara, katika ugomvi wa urithi dhidi ya ndugu yake Rogero.

Wapelelezi Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipofika kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861, bunduki zao nyingi zilikuwa za kushindilia. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876, baadhi ya watu wake walibeba bunduki za Snider zinazopakiwa kwa nyuma. Katika muda wa miaka 15 silaha zilikuwa zimebadilika, na bunduki ya Snider yenyewe ilianza kama gobore la jeshi lililokatwa nyuma na kutiwa mlango wa kupakilia.

Mabadiliko hayo ya Ulaya ndiyo yaliyojaza magobore Afrika. Kila jeshi lilipopata bunduki mpya liliuza za zamani, na wafanyabiashara wakazipeleka pwani. Mwaka 1888 Charles Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki za kila aina kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kupitia pwani hiyo. Watawala kama Mirambo wa Unyamwezi (aliyefariki 1884) walijenga nguvu zao kwa askari wenye bunduki.

### Mkataba wa Brussels na ukoloni

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana katika Mkataba wa Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ziliachwa nje ya katazo hilo kwa masharti. Matokeo yake ni kwamba bunduki ya kupakia kwa nyuma ilibaki mikononi mwa serikali za kikoloni, na gobore likabaki kwa wenyeji. Tofauti hiyo ilionekana waziwazi katika Vita vya Maji Maji (1905–1907), ambapo wapiganaji wenye mikuki, mishale na magobore walikabili bunduki za kisasa na bombomu za Wajerumani.

Baada ya vita hivyo gobore liliendelea vijijini kama silaha ya kuwinda na ya kulinda mashamba.

## Kumpimia mtumiaji gobore lake

Bunduki ya jeshi hutengenezwa kwa kipimo cha askari wa wastani. Bunduki ya mwindaji haifai kuwa hivyo. Mkulima mfupi anayetumia gobore la askari wa Ulaya hulazimika kunyoosha shingo, kuinua bega na kushika kwa mbali. Akifyatua, kitako humgonga shavu au hutoka begani.

Sababu nyingine ni kulenga. Magobore mengi ya mtutu laini hayana alama ya kulengea ya nyuma. Alama ya nyuma ni jicho la mpigaji mwenyewe. Tuseme umbali kutoka jichoni hadi ncha ya mtutu ni mita 1.2. Ikiwa kitako kinaliweka jicho milimita 6 juu ya mstari unaotakiwa, basi kwenye shabaha iliyo mita 40 risasi itakosea kwa takriban sentimita 20:

6 ÷ 1,200 × 40,000 = milimita 200

Kosa dogo la seremala shavuni huwa kosa kubwa kwenye shabaha, na mnyama aliyejeruhiwa bila kufa ni hatari kwa yeyote atakayekutana naye.

Vipimo vinavyoangaliwa ni hivi vifuatavyo.

### Urefu wa kitako

Ni umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Kwa mtu mzima wa kimo cha wastani huwa karibu sentimita 34 hadi 36. Njia ya zamani ni kumtaka mtu akunje mkono kwa pembe mraba, kuweka kitako kwenye kiungo cha kiwiko kwa ndani, na kuangalia kama kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatulio. Njia hii inatoa makadirio tu, kwa sababu haipimi shingo, mabega wala kifua. Nguo nazo huhesabiwa: aliyepimwa akiwa na shati jepesi ataona kitako kirefu akivaa koti zito la baridi.

### Mshuko

Ni kiasi ambacho kitako kimeshuka chini ya mstari wa mtutu. Mwenye shingo ndefu huhitaji mshuko mkubwa zaidi. Mwenye shingo fupi huhitaji mdogo. Mshuko ukizidi, kitako hupanda na kugonga shavu wakati wa teke, yaani bunduki inaporudi nyuma kwa nguvu. Ukipungua mno, mpigaji hulazimika kuinamisha kichwa sana.

### Mchepuko

Ni kiasi ambacho kitako kimepinda pembeni ili jicho likae nyuma ya mtutu bila kichwa kulala. Kwa anayetumia bega la kulia kitako huchepuka kidogo kulia; kwa anayetumia bega la kushoto huchepuka kushoto. Milimita chache hutosha.

### Mkono na jicho

Fundi huuliza mapema ni jicho gani linalotawala. Jaribio lake ni rahisi: mtu hunyoosha mkono, huelekeza kidole kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha hufumba jicho moja moja. Jicho ambalo kidole hakihami kitu linapobaki wazi peke yake ndilo linalotawala. Mtu anaweza kutumia mkono wa kulia na bado jicho lake la kushoto likatawala.

Katika gobore jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mtambo uko ubavuni. Ukiwa upande wa kulia na mpigaji akatumia bega la kushoto, moto na cheche za tundu la kuwashia hutokea mbele ya uso wake. Anayetumia bega la kushoto anastahili mtambo wa kushoto.

### Uzito na mizani

Mtutu mrefu huifanya bunduki itulie wakati wa kulenga, lakini huchosha mkono wa mbele. Bunduki nyepesi hubebeka vizuri mlimani, lakini teke lake huwa kali. Fundi hutafuta mahali ambapo bunduki ikishikwa kwa mikono miwili haielemei mbele wala nyuma.

### Umbo la mwisho wa kitako

Kitako kipana na bapa hueneza teke begani. Bunduki nyingi za Marekani za karne ya 19 zilikuwa na kitako kilichochongwa kama mwezi mwandamo. Hizo hazikuwekwa kwenye shimo la bega, bali kwenye sehemu ya juu ya mkono. Anayeziweka vibaya huchomwa na ncha zake.

### Kuhakikisha

Baada ya kupima, fundi humpa mtumiaji bunduki tupu iliyokaguliwa. Mtumiaji hutazama shabaha, hufumba macho, huinua bunduki begani kama alivyozoea, kisha hufumbua macho. Kama jicho liko moja kwa moja nyuma ya mtutu bila kusogeza kichwa, vipimo vimekubali. Fundi mwangalifu huacha ubao ukiwa mnene na kuupunguza kidogo kidogo, kwa kuwa mbao iliyokatwa hairudi.

Mbao yenyewe lazima iwe imekauka vizuri, na nyuzi zake zifuate mwelekeo wa shingo ya kitako, sehemu nyembamba inayoshikwa na mkono wa kufyatulia. Nyuzi zikikata shingo hiyo kwa mshazari, ubao huvunjika hapo. Ulaya hupendelewa mjozi. Tanzania mninga na mkongo ni miongoni mwa mbao ngumu zinazotulia zikishakauka.

## Nakala za kisasa

Katika karne ya 20 magobore yalirudi kama mchezo na kama somo la historia. Nchini Marekani chama cha kitaifa cha wapigaji wa bunduki za kushindilia kilianzishwa mwaka 1933. Dixie Gun Works, duka lililofunguliwa Tennessee mwaka 1954, lilianza kuuza nakala mpya za bunduki za zamani, na kampuni ya Davide Pedersoli ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1957, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa nakala hizo. Kamati ya kimataifa ya mashindano ya shabaha ya bunduki za kushindilia, MLAIC, ilianzishwa mwaka 1971.

Nakala huweza kutoka kiwandani ikiwa kamili, kununuliwa kama vipande vya kuunganisha, au kufanywa upya kwa mikono. Filamu ya mwaka 1969 kutoka Williamsburg, Virginia, ilimwonyesha fundi Wallace Gusler akitengeneza bunduki nzima kwa zana za karne ya 18, kuanzia kufua mtutu. Nakala inayotengenezwa moja moja inatoa nafasi ya kupima mwili wa mtumiaji. Nakala ya kiwandani ina tatizo lilelile la bunduki ya jeshi, yaani kipimo kimoja kwa wote.

## Hatari

Gobore linaweza kumuua anayelishika. Hatari kubwa ni kupasuka kwa mtutu. Huko Ulaya mitutu hupimwa kwa sheria: chama cha mafundi bunduki cha London kilipewa hati mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Humo kila mtutu hujaribiwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida, kisha hupigwa muhuri.

Magobore yanayotengenezwa kwa siri hayapiti majaribio yoyote. Mengine hutumia mabomba ya maji, ambayo hayakuundwa kustahimili mlipuko. Bomba lenye mshono huweza kufunguka kwenye mshono huo. Hatari nyingine ni hizi:

* Risasi isiyofika chini kabisa na kuacha nafasi tupu juu ya baruti. Mtutu huweza kupasuka mahali hapo.
* Kusahau kwamba bunduki imeshapakiwa na kuipakia mara ya pili.
* Kutumia baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ambayo shinikizo lake ni kubwa mno kwa gobore.
* Bunduki kuchelewa kulipuka. Anayeigeuza haraka kuichungulia huweza kupigwa usoni.
* Kutu ndani ya mtutu. Mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula chuma lisiposafishwa mapema.

Gobore la kurithi linalotundikwa ukutani huweza kuwa bado limepakiwa. Halifai kuchezewa na watoto wala kujaribiwa na watu wazima. Ni la kupelekwa kukaguliwa, na njia salama ni kuwaita polisi.

## Sheria

Nchini Tanzania gobore ni silaha ya moto kama bunduki nyingine. Umiliki wake husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Kumiliki, kutengeneza, kukarabati au kuuza bila kibali ni kosa, hata kama silaha ni ya urithi au imetengenezwa nyumbani. Tanzania pia ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo katika eneo la Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha ili wenye silaha zisizo na kibali wazisalimishe kwa hiari.

Uwindaji husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kibali cha silaha si kibali cha kuwinda. Vyote viwili huhitajika.

## Karagwe na Kyerwa leo

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa na Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Ya pili ina jina la mfalme yuleyule aliyewapokea Speke na Grant.

Ndani ya hifadhi za taifa uwindaji hauruhusiwi, na gobore linalokutwa humo huhesabiwa kuwa chombo cha ujangili. Hata hivyo mashamba ya migomba, mahindi na maharage yanapopakana na makazi ya wanyama, nyani na nguruwe pori huweza kumaliza jasho la msimu mzima kwa usiku au siku chache. Sheria huelekeza mwananchi atoe taarifa kwa viongozi wa kijiji na maofisa wa wanyamapori, na serikali hulipa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa, kwa aina za wanyama zilizotajwa katika kanuni.

Ufundi wa uhunzi haujakatazwa. Majembe, visu, miundu na mikuki ya ngoma vinaendelea kufuliwa. Elimu ya kupima mwili nayo haiishii kwenye bunduki: mpini wa jembe au shoka usiolingana na kimo cha mtumiaji humchosha mgongo, na fundi anayemtazama mteja wake kabla ya kuchonga mpini anafanya kazi ileile aliyoifanya fundi wa bunduki za kuwindia.